Goti la Mkuu na Maji ya Pangoni

Alhamisi, 17 Agosti 1995

Nimeduwaa! Orodha ya wanaopunguzwa kazini iko tayari na jina langu limo. Mimi, Ambokile, miaka kumi na minne masjala! Mwenzangu Seth, aliyekuja juzi, hayumo. Kaninong'oneza Evelina, mpiga chapa. Itabandikwa Jumatatu.

Lakini mkuu wetu, Bwana Batholomeo, ana goti bovu. Na ng'ambo ya Bahi kuna pango lenye maji moto yanayoponya. Goti likipona, jina litafutwa. Nimemshawishi, kakubali.

Ijumaa, 18 Agosti

Ala! Mkuu anamtaka Seth naye, eti anajua Kigogo. Kigogo cha nini? Mimi mtu wa Rungwe, volkano nimezaliwa nayo.

Jumamosi, 19 Agosti

Mungu wangu!

Mlangoni mwa pango tulimkuta mlinzi, Bibi Zipora. Seth akachuchumaa, akaanza salamu za Kigogo: mbukwenyi, habari za wajukuu, za ng'ombe, za uwele. Nusu saa, hata mbuzi hawajafikiwa! Nikamwambia aulize maji yako wapi. Akanijibu kwamba huulizi shida kabla salamu hazijaisha.

Nikamshika Mkuu mkono, tukajipenyeza ndani. Mvuke. Harufu ya mayai viza. Madimbwi mawili. Nikachagua linalotoa mapovu, maana dawa ni ile kali. Mkuu akavua suruali, akatia mguu.

Yesu! Sijapata kusikia mtu mzima akilia vile. Alitoka mbio, suruali begani, mbele ya akina mama waliokuja na vikapu vyao.

Bibi Zipora akapigwa na butwaa: lile ni la kuchemshia viazi! Angetuambia, alisema, ila tulikuwa bado hatujasalimiana. Seth akampeleka Mkuu dimbwi la pili, taratibu, kama anaogesha mtoto.

Jumatatu, 21 Agosti

Orodha imebandikwa. Mimi wa kwanza, tena nimepigiwa mstari! Mkuu goti limepona, anachechemea kwa sababu ya unyayo ulioungua tu. Anamsifu Seth ofisi nzima. Na mbio zile alikimbizwa na nani? Shukrani ya punda ni mateke. Nimelia chooni.

Jumanne, 22 Agosti

Nimeamka na akili mpya. Mkubwa wake Mkuu anaumwa mgongo! Nimeshampelekea barua, twende Jumamosi, bila Seth na salamu zake. Kosa letu nimeligundua: tulitia mguu mmoja. Huyu nitamshauri ajitose mzima.