Ombi la Cheti cha Ubovu kwa Saundiba Nzima

Shubra, Cairo
Kumi la kwanza la Ramadhani

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Malalamiko,
Maduka ya Vyombo vya Umeme ya Abu Shanab na Wanawe.

Mheshimiwa Bwana Mkurugenzi,

Nawatakia saumu njema wewe, Bwana Abu Shanab mwenyewe na wanawe wote, hata yule wa kaunta ya kurudisha bidhaa ambaye hatukuelewana naye. Mimi ni Wagdi Abdel-Shafi, mstaafu wa Idara ya Maji na mteja wenu wa zamani. Siandiki kwa hasira. Naandika kwa sababu mwezi wa Shaabani, katika ofa zenu za kuikaribisha Ramadhani, mliniuzia saundiba, yaani ile spika ndefu nyembamba inayolala chini ya runinga, pamoja na sabufa lake, lile boksi la kutolea besi, kwa nusu ya bei. Tangu siku hiyo nyumba yangu haijatulia.

Usiharakishe kumwita fundi. Saundiba haina ubovu wowote, na hilo ndilo lalamiko langu.

Nianze na sababu ya kuinunua. Ninaishi na mama yangu mzazi, Hajjat Tafida. Akili yake ni timamu, uzi anautunga mwenyewe kwenye sindano, lakini masikio yamechoka. Ramadhani kwake ni futari, tarawehe na tamthilia. Miaka ya karibuni amekuwa akiitazama tamthilia kwa kufuata midomo ya waigizaji. Mwaka jana mhusika mmoja alifariki, nyumba nzima ikalia, naye akatugeukia akauliza, "Kwani kaenda wapi?" Mimi nililia zaidi kwa swali lile kuliko kwa kile kifo. Nikaweka nadhiri kwamba Ramadhani hii mama yangu atasikia.

Sasa nimtambulishe mke wangu, Mama Hazim. Ni mwanamke mwema, mpishi hodari, na anaogopa kijicho kuliko anavyoogopa moto. Mchele ukiungua hasemi jiko lilizidi, anauliza nani alipita mlangoni. Friji yetu ilivikwa shuka la maua tangu iliponunuliwa, na wageni waliamini ni kabati la nguo mpaka ilipoanza kuvuja. Sisemi amekosea. Jicho lipo, hata vitabu vimelitaja. Nasema tu kwamba mtu kama huyu ndiye niliyekuja naye dukani kwenu kuchagua chombo ambacho kazi yake yote ni kusikika.

Muuzaji wenu, Bwana Hilmi, alituonyesha tatu. Ya kwanza ilikuwa na spika ndogo za kuweka nyuma ya makochi. "Sauti itakuzunguka, ustadhi," alisema, "helikopta itapita juu ya kichwa chako." Mama Hazim akamjibu, "Ipite juu ya kichwa chako wewe na ukoo wako! Tupe ya kupita chini chini." Ya pili ilikuwa na taa za rangi zinazocheza na muziki. Mama Hazim akasema kama ni hivyo afadhali tuajiri mpiga ngoma akae kwenye roshani. Ya tatu ilikuwa nyeusi, fupi kuliko zile mbili, imenyooka kama rula ya shule, nayo ikampendeza. "Hii hata mwizi ataiacha," alisema kwa furaha. Bwana Hilmi akaudhika kidogo: "Mama, hiyo ndiyo kali kuliko zote, ndiyo maana watu wanaigombania hapo kwenye punguzo." Mke wangu akamwambia, "Punguza sauti, mwanangu." Ndivyo tulivyochagua. Wengine huchagua kwa nguvu ya besi, sisi tulichagua kwa unyonge wa sura.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kibandiko. Kwenye boksi mlibandika karatasi jekundu lenye maneno NUSU BEI, linalosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Bwana Mkurugenzi, je, hamjui mnawafanyia nini wateja? Aliyenunua kwa bei kamili huhurumiwa, watu husema maskini kaibiwa. Aliyenunua kwa nusu bei huonewa kijicho mara mbili, mara ya kwanza kwa kile chombo na mara ya pili kwa ile bahati. Punguzo la namna hii halikupaswa kuandikwa kabisa. Lilipaswa kunong'onwa.

2. Wapagazi. Tulikubaliana boksi liletwe adhuhuri, watu wakiwa kazini. Vijana wenu walifika adhuhuri kweli, wakasimama katikati ya barabara, wakapaza sauti kuelekea ghorofa ya nne: "Ustadhi Wagdi! Sinema yako imefika! Tunataka utamu wetu!" Mimi sina ubaya na anayedai bakshishi ya habari njema, ni desturi yetu na niliitoa. Ila madirisha yalianza kufunguka. Mama Hazim, ambaye Mungu amempa akili ya haraka, akajibu kutoka roshani, "Si sinema! Ni ubao wa kupigia pasi!" Badala ya kuelewa, kijana wenu akauliza kwa sauti ileile, "Ubao wa pasi una sabufa, mama?" Tulilipandisha boksi likiwa limeviringishwa ndani ya zulia, na bawabu wetu, Mzee Shazli, akatupa pole akidhani tumefiwa.

3. Uzuri wa sauti ya chini. Mke wangu alitoa amri kwamba sauti isipande zaidi ya tatu. Tatu, kwenye mashine yenu, ni sauti ya nzi aliyefunga. Kosa lenu ni kwamba hata kwa tatu maneno yanaeleweka vizuri kwa sisi wenye masikio mazima, hivyo Mama Hazim anakaa karibu, anafurahia tamthilia yake, na haoni sababu ya kubadili amri. Kama sauti ya chini ingekwaruza kidogo, kama ilivyo kwenye vitu vya watu wa kawaida, tungepata pa kuanzia mazungumzo.

Zaidi ya hayo, runinga yetu ya zamani ilikuwa ikinguruma jengo zima, ingawa mama hakuambulia neno. Sasa imenyamaza, saundiba inanong'ona, na majirani wameshtuka. Bi Insaf wa ghorofa ya tatu alimsimamisha mke wangu kwenye ngazi: "Mama Hazim, mbona kwenu kimya siku hizi? Mmeuza runinga?" Mke wangu akafurahi moyoni, akainamisha uso, akajibu, "Mambo yamebana, dada yangu." Kesho yake Bi Insaf akatuletea sahani ya pole ya kunafa, ile tamutamu ya tambi na shira. Niliila kwa aibu, lakini niliila yote.

4. Shanga. Kwa kinga, Mama Hazim alitundika mbele ya saundiba shanga la buluu lenye kiganja cha vidole vitano, kubwa kama yai. Rimoti ikaacha kufanya kazi. Nilibadili betri, nikaipiga piga pajani, nikaisomea dua, haikusikia. Nikamwita fundi wenu. Alikuja, akasogeza lile shanga kando, akabonyeza, ikawaka. Kumbe lilikuwa limeziba kile kidirisha cha kupokelea rimoti. Hapo sina neno, na hakunitoza kitu. Neno ninalo kwa yale aliyoyafanya akiondoka. Alisimama ngazini, mbele ya Mzee Shazli aliyekuwa akifagia, akasema, "Mashine yako ni balaa, haji!" Akaenda zake. Bila mashallah, Bwana Mkurugenzi! Nilimfuata mpaka ghorofa ya kwanza nikimsihi aiseme, akafikiri nataka kumlipa, akakimbia. Sabufa sasa limegeuzwa uso ukutani ili husuda isipate pa kuingilia. Nimeisoma warantii yenu ukurasa kwa ukurasa. Inataja umeme kuzidi, maji kumwagika na panya. Kusifiwa hakumo.

5. Hili la tano nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena. Kila jioni baada ya futari mama yangu anaketi mbele ya runinga, ameweka kiganja nyuma ya sikio, anatabasamu ili tusihuzunike. Juzi alinivuta karibu akaniambia, "Wagdi mwanangu, usijisumbue tena. Mashine yako nzuri. Ni mimi niliyekwisha."

Nimekaa nayo kauli hiyo na imenichoma. Anaamini masikio yake yamekufa kabisa, kwa kuwa kama chombo kilichosifiwa namna ile hakimfikii, basi hakuna kitakachomfikia. Amekwisha kumwambia dada yangu kwenye simu kwamba mwakani hataangalia tena tamthilia, atakuwa analala mapema. Nami dawa yake iko mkononi mwangu, ni kubonyeza kwa kidole kimoja tu, na sijabonyeza. Kati yangu na mama yangu amesimama mke wangu, na nyuma ya mke wangu zimesimama ngazi zote za jengo. Nilijaribu kumsemesha. Aliniuliza, "Unataka mama asikie, halafu mashine ipasuke, halafu Hazim afeli mtihani?" Mwana mwema angebonyeza. Mimi nimechagua kukuandikia wewe.

6. Ombi. Kwa kuwa ubaya wote umetokana na uzuri wa bidhaa yenu, naona ni haki ninyi ndio muurekebishe. Naomba mnitolee cheti chenye muhuri wa duka, herufi kubwa, kinachothibitisha kwamba saundiba ya Wagdi Abdel-Shafi ni mbovu. Kielezwe kuwa imetoka kwenye shehena iliyopata moto, imefunguliwa na mafundi kadhaa wakakata tamaa, na kwamba kelele zitakazosikika kutoka ghorofa ya nne ni hitilafu isiyotibika, ambayo familia inaivumilia kwa imani. Nitakibandika chini, karibu na kiti cha Mzee Shazli. Majirani watakisoma, watasema maskini hawa, nami nitaongeza sauti mpaka mama yangu asikie mtu akimeza mate.

Kama sheria zenu haziruhusu kutoa cheti cha uongo, basi mtume yule fundi arudi asimame palepale ngazini aitukane mashine kwa sauti aliyoisifia. Na kama hilo nalo ni zito, niko tayari nitozwe bei kamili, ilimradi wale vijana waje kuitangaza kwa kelele kutoka barabarani, na mmoja wao anicheke.

Wasalimie wote hapo dukani. Msalimie Bwana Hilmi na helikopta yake, keshia aliyemwambia mke wangu mabruki, yaani hongera, akamtia homa, na wapagazi, ambao vifua vyao nisingependa vipate madhara. Mama Hazim anawasalimu bila kujua kwamba anawasalimu. Mama yangu angewasalimu pia kama angenisikia.

Wenu katika saumu na subira,
Wagdi Abdel-Shafi

Tanbihi: Cheti msilete.

Nilikuwa natafuta bahasha, Mama Hazim yuko jikoni anamimina shira juu ya kunafa, na tamthilia inanong'ona kama kawaida. Mama yangu akachoka. Akachukua rimoti ili azime akalale, na kwa kuwa rimoti ingali kwenye nailoni yake na alama hazionekani vizuri, akashika kitufe kingine na kukibana kwa nguvu. Sauti ikapanda. Mwanamke wa kwenye tamthilia, ambaye kwetu alikuwa akilia polepole tangu mwezi uandame, alipiga yowe lililotikisa bilauri kabatini, likashuka ngazi zote na kutokea barabarani. Mama Hazim akaja mbio, shira mikononi, anaitisha ubani wa kufukuza jicho. Kabla sijaipata rimoti mlango ukagongwa.

Alikuwa Bi Insaf, na nyuma yake mhandisi wa ghorofa ya tano na mkewe. Nikajua tumekwisha. Bi Insaf akaitazama saundiba, akatutazama sisi, akashika kiuno. "Na ninyi mnayo!" akasema. "Yetu iko chini ya blanketi tangu Shaabani, tunaisikiliza kama wezi, kwa kuogopa jicho la Mama Hazim!" Mke wa mhandisi akadakia, "Sisi yetu tumeiweka ndani ya kabati la vyombo. Kwa sababu hiyohiyo, mtusamehe." Mke wangu alisimama, shira inadondokea zulia, akauliza, "Jicho langu mimi?" Kuna methali ya nyani inayofaa mahali hapo, lakini nina ndoa ya kulinda.

Halafu wote wakaanza kusema kwa pamoja, nani alipata punguzo gani, besi ya nani ni nzito, na Mama Hazim akiapa kwamba jicho lake halijawahi kuvunja hata kikombe. Ikawa kelele tupu, mpaka sauti ikatoka kwenye kiti cha mbele. Mama yangu hakutugeukia. Kiganja chake kilikuwa kimeshuka kutoka sikioni, kimelala mapajani.

"Nyamazeni," akasema. "Nasikia."