Ngome ya Tatu na Mtaro wa Mama

Jumatatu, 13 Oktoba

Siku nzuri. Iliharibika saa nne asubuhi.

Saa tatu Githinji, mwenye duka la gemu kule Machakos mjini, alinipigia simu. Ngome ya Tatu inafika Jumamosi! Diski moja tu. Jina langu ni la kwanza kwenye orodha yake. La pili ni Erastus, binamu yangu, ambaye mlango wake nauona kutoka mlango wangu. Sharti la Githinji: nifike mwenyewe kabla ya saa sita mchana. Ikipita hapo anampa wa pili. Nimeingoja gemu hii miaka minne. Niliruka nikagonga taa kwa kichwa.

Saa nne akaja Loise na daftari lake. Loise ni mwenyekiti wa mwethya, kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu. Wanawake kumi na watatu, pamoja na mimi. Nimo kwa sababu mama alikuwemo miaka ishirini na sita, na alipotutoka mwezi wa tatu nafasi yake ikaniangukia. Loise akasema zamu ya shamba letu ni Jumamosi. Mitaro imejaa udongo na mvua iko karibu. Tusipoichimbua sasa, shamba lote litateremka hadi mtoni. Na kama nijuavyo, mwenye shamba ndiye hupiga jembe la kwanza. Asipokuwepo, kikundi kinageuka na kurudi nyumbani.

Nikakohoa. Nikamwambia, mwaitu (ndivyo vijana wote hapa Kathiani tunavyomwita, kama mama yetu), kifua kinanisumbua, labda tusogeze wiki moja. Akasema mama, marehemu Kasiva, alishamsimulia kuhusu kikohozi hicho. Kinatokea shingoni, si kifuani, na nilipokuwa shule kilikuja kila siku ya mtihani wa hesabu.

Akanifungulia daftari. Jina la mama bado lipo, kwa wino: Kasiva. Kando yake, kwa penseli: na mtoto wake. Nimekosa kazi mara mbili tangu Juni. Nikikosa ya tatu, akasema kwa upole sana, itabidi afute mstari wote.

Akaondoka akipanda kilima na mzigo wa kuni mgongoni. Miaka sitini na minne. Hata hakuhema. Mimi nilikuwa nahema nikiwa nimekaa.

Jumanne, 14 Oktoba

Mpango wa kwanza: kubadilishana zamu.

Zamu ya Mutanu, mwenzetu kikundini, ndiyo inayofuata yetu, mwezi ujao. Nikamkuta anapepeta maharagwe. Nikamwambia kwamba kwa heshima yangu kwake niko tayari kumpa Jumamosi hii, siku nzuri kuliko zote, nami nibaki na siku yake mbovu ya Novemba. Akafurahi. Akaniita kijana wa adabu. Nikarudi kibandani kwangu sokoni nikawa natengeneza simu za watu huku napiga mluzi.

Saa kumi jioni Mutanu kanifuata hadi sokoni, uso umebadilika. Amemuuliza Loise. Loise amesema zamu haihamishwi ila kwa mazishi.

Niliwaza kidogo nani anaweza kufa kabla ya Jumamosi. Kisha nikakumbuka kwamba nafasi hiyo tulishaitumia. Mwezi wa tatu walihamisha zamu tatu ili waje kwetu, na wakabaki siku nne. Wakapika, wakateka maji, wakafagia. Mmoja alipiga pasi shati langu nikiwa nusu nimeshalivaa.

Nikaacha kuwaza hivyo.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango wa pili: Erastus.

Nilifikiri hivi. Erastus ana mikono. Jembe halijui ni mikono ya nani. Apige jembe la kwanza kwa niaba yangu, nami nirudi kabla ya saa sita. Nikamwendea kwake. Alikuwa ameketi mbele ya ile televisheni yake kubwa inayofunika dirisha, akimaliza Ngome ya Pili kwa mara ya tano. Ana kasi ya ajabu huyu mtu. Lazima niseme. Vidole vyake huenda kama vya mwanamke anayefuma kiondo.

Akasema hapana, hawezi, mgongo. Ila kwa kuwa damu ni damu, yuko tayari kunisaidia kwa njia nyingine: mimi nichimbe, yeye aende mjini anichukulie diski.

Alisema haraka mno.

Nikamwambia asante, nitaona. Nikiwa mlangoni akaniuliza kama ninajua jembe linashikwa upande gani. Nikamjibu ninajua. Akasema basi nisisahau, halina kitufe. Bado nasikia kicheko chake.

Jumatano jioni, bado mapema

Nimeiwasha Ngome ya Pili nitulize moyo. Jiko la ngome bado lipo. Nililijenga kwa sababu ya mama. Alikuwa akiketi kando yangu akimenya maharagwe, akitazama wale wafanyakazi wadogo wakibeba mawe kwenye kioo. Siku moja akaniuliza watu wangu hawa hula saa ngapi. Nikamwambia hawali, mama, ni gemu. Akasema si vizuri. Kila siku aliuliza tena. Mwishowe nikawajengea jiko katikati ya ngome, halina faida yoyote ya vita, na nilipoteza mnara wa kaskazini kwa ajili yake. Mama akasema sasa ngome yangu imekuwa nyumba.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mpango wa tatu. Huu ndio wenyewe.

Kikundi huanza saa kumi na mbili asubuhi. Nipige jembe la kwanza mbele ya macho yao yote. Saa tatu nijifanye naenda kuangalia chungu. Nipite katikati ya nyasi za nepia hadi barabarani. Saa nne na nusu niko kwa Githinji. Saa saba nimerudi, nawapakulia chakula, hakuna aliyegundua. Kazi ikiwa nyingi watanitafuta, kwa hiyo kazi iwe kidogo. Kwa hiyo kesho nifunge kibanda na nianze kuchimba peke yangu.

Watengenezaji wa Ngome wenyewe wasingepanga vizuri hivi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimechimba mita kumi na mbili!

Nimetumia jembe la mama. Mpini wake umelika upande mmoja kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto, kama mimi. Ukishika pale palipolika, vidole vinajipanga vyenyewe. Sikulijua hilo. Sikuwahi kulishika hata siku moja alipokuwa hai, na sasa naandika hivi naona aibu.

Kazi ni ngumu lakini nina akili. Nimegundua kwamba ukitupa udongo upande wa chini wa mtaro, unateremka wenyewe. Hakuna kuinua. Nikashangaa miaka ishirini na sita hakuna aliyelifikiria. Nitawaonyesha kesho, kwa unyenyekevu.

Malengelenge: saba. Muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, nimeloweka pamoja na maharagwe. Mutanu amenikopesha chungu kikubwa, akanieleza mara tatu nisiondoke motoni.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili wakafika wote, ukungu bado uko bondeni. Nikawapeleka kwenye mita zangu kumi na mbili. Nikasimama kando, mikono nyuma.

Mutanu akafunika mdomo kwa kanga. Loise akatembea mtaro wote, akarudi, akauliza kwa sauti ya chini ni nani alinifundisha. Nikasema nimejifundisha. Akasema anaona. Mtaro wetu, akaeleza, unaitwa fanya juu, tangu wakati wa babu yangu. Udongo unarushwa upande wa juu wa mtaro ili uwe tuta na uzuie maji. Nilichofanya mimi ni kuyachongea maji barabara. Hapo wakashindwa kujizuia. Mmoja alikaa chini kwa kucheka. Mwingine akaomba nimwambie mvua itapita saa ngapi aje aiage.

Udongo wangu wote ukalazimika kupandishwa tena. Kwa mikono, kwa karai, kwa magunia. Kazi ya saa tatu ikawa ya siku nzima.

Lakini jamani, kuwatazama! Loise hanyanyui jembe, analiacha lianguke, na udongo unaruka juu ya bega lake kama umeitwa. Hapotezi hata kijiko. Nimecheza gemu miaka kumi na tano na sijaona mkono wenye hesabu kama ule.

Saa nne, nikiwa nimechelewa, nikasema naenda kuangalia chungu. Nikabadilisha viatu. Nikachukua begi. Nikaingia kwenye nepia nikiwa nimeinama.

Nikageuka mara moja tu, kuhakikisha hawanioni.

Walikuwa wamejipanga mstari mmoja kupanda shamba, bega kwa bega, wakiimba. Karibu na mwisho wa mstari palikuwa na pengo. Watu wawili wangetosha pale. Nilidhani ni mimi wanayenisubiri, lakini mimi nilikuwa nimechimba upande ule mwingine asubuhi yote. Halafu nikaelewa. Mama alichimba kwa mkono wa kushoto. Ilibidi apewe nafasi asimgonge jirani. Wamelizoea pengo lile miaka ishirini na sita, na bado wanaliacha, na sidhani hata wanajua wanaliacha.

Simu ikalia. Githinji. Akaniuliza niko wapi, maana Erastus yuko mbele yake tangu saa tatu, ameegemea kaunta na anasema mgongo umepona.

Nikamwambia ampe.

Githinji ni mtu mwema. Aliniuliza mara mbili.

Nikatoka kwenye nepia na viatu vyangu vya mjini, nikaingia kwenye pengo. Jembe langu likaenda kushoto. Halikumgonga mtu. Loise, bila kunitazama, akasema chungu kinaungua.

Kweli kilikuwa kinaungua. Walikula chote. Mutanu alisema kina ladha ya moshi, kama cha Kasiva.

Jumapili, 19 Oktoba

Siwezi kushika padi ya gemu. Siwezi kushika kijiko. Kanisani nilishindwa kupiga makofi, nikatikisa kichwa tu.

Saa nane mchana akaja Erastus na boksi la Ngome ya Tatu kifuani, kunionyesha. Akasema picha zake ni safi hadi unaona jasho la askari. Akanipa pole. Akasema ataniazima akishamaliza, labda Krismasi, labda ile nyingine.

Saa tisa ikanyesha. Mvua ya kwanza, na nzito! Stima ikapotea kijiji kizima. Erastus akakwama kwangu na boksi lake, tukasimama mlangoni.

Maji yakaja yakiteremka kutoka juu, mekundu, yana haraka. Yakafika kwenye tuta. Yakasimama. Yakapanda kidogo, yakatafuta njia, yakakosa. Halafu yakatulia nyuma ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, mstari mmoja uliong'aa, na taratibu ardhi ikaanza kuyanywa. Mtaro wa pili hivyo hivyo. Wa tatu hivyo hivyo. Hakuna hata punje moja ya udongo iliyofika mtoni.

Tulitazama hadi mvua ikaisha. Erastus alisahau boksi kwapani. Akauliza nani alichimba pale mwishoni, palipopinda kidogo kwenda kushoto. Nikamwambia.

Akasema, eh.

Kutoka kwa Erastus hiyo ni hotuba.

Jumatatu, 20 Oktoba. Sikukuu ya Mashujaa

Loise kaja asubuhi na daftari. Chini ya Kasiva, kwa wino, kaandika jina langu, Musili. Penseli kaifuta, lakini jina la mama halijaguswa. Akasema litabaki hapo maadamu shamba lipo. Nikamtengenezea chai, nikaiwekea tangawizi kama mama alivyopenda, tukanywa tukitazama mtaro.

Nimejifunza, nikamwambia. Kuanzia sasa sitakosa kazi ya kikundi hata moja. Kazi inayofuata ni kwa Mutanu, Jumamosi tarehe nane Novemba. Nikaapa kwa mkono juu. Ule wenye malengelenge.

Saa sita Githinji kanitumia ujumbe. Kwa kuwa anasikitika kuhusu Jumamosi, ameniandika wa kwanza kwa Majoka ya Mtoni. Gemu mpya kabisa. Diski moja tu. Inafika tarehe nane Novemba, nami nifike kabla ya saa sita mchana.

Nimehesabu. Zimebaki siku kumi na tisa. Kosa langu safari iliyopita lilikuwa kuchelewa: kikohozi cha ghafla hakiaminiki. Kwa hiyo nimeanza leo hii. Nimeshakohoa mara nne nikiwa uani, sauti ivuke hadi kwa Loise.

Na safari hii nakitoa kifuani.