Gari Linalokunywa Miwa

Jumatatu, 4 Juni 1990
Nimefanya! Gari langu la petroli nimemuuzia Osvaldir, kaka wa mke wangu, nikachukua linalotumia spiriti ya miwa. Serikali imesema kwenye televisheni: miwa ndiyo mafuta yetu. Hapa kwetu Sertãozinho, Brazili, miwa inaanzia nyuma ya choo changu. Nitakosaje? Jumamosi nampeleka Josiane, binti yangu wa ubatizo, kanisani kuolewa. Osvaldir alishajipangia kumpeleka yeye. Pole yake.

Jumatano, 6 Juni
Kituoni hakuna hata tone la spiriti. Foleni imefika makaburini. Muuzaji anasema bei ya sukari imepanda ng'ambo, kwa hiyo kiwanda kinapika sukari tu. Na serikali? Inatuomba subira. Osvaldir akapita na gari langu la zamani, akapunguza mwendo makusudi.
"Shemeji, nikusukume?"
Mshenzi.

Alhamisi, 7 Juni
Kwani cachaça, pombe yetu kali, si ya miwa? Nimemimina tangini chupa zote za baba mkwe, zile alizoweka kwa ajili ya harusi. Gari likakohoa, likazima. Fundi Tião akanusa tangi, akafumba macho kwa huzuni. Zaidi ya nusu ni maji, akasema.
"Hii ungekunywa wewe."
Neide, mke wangu, hasemi nami.

Ijumaa, 8 Juni
Tião kasafisha tangi. Nimepanga foleni tangu alfajiri, nimepata spiriti nusu tangi. Kesho watanikoma!

Jumamosi, 9 Juni
Baridi kali. Gari haliwaki. Tião akafungua boneti, akanionyesha kitangi kidogo: asubuhi za baridi magari haya hayaamki bila petroli kidogo. Mtaa mzima unajua. Mimi nilikuwa nimekijaza maji ya kuoshea kioo.
Nikaenda kwa Osvaldir na kikombe. Akanivutia petroli kwa mpira, bila kunicheka. Hilo ndilo lililoniuma. Gari lilipowaka, alikuwa ameshaondoka na bibi harusi. Nimefika kanisani watu wanatoka. Josiane akanishika mkono.
"Baba, nilikusubiri mpaka padre akakasirika."
Nililia, tena mbele ya Osvaldir.

Jumatatu, 11 Juni
Serikali imetangaza mafuta mapya ya magari: ya mbegu za mbarika! Nimeng'oa mawaridi yote ya Neide, nimepanda mbarika mpaka mlangoni. Gari la miwa naliuza kesho. Josiane nimemwahidi: siku ya ubatizo wa mtoto wake wa kwanza, nitawapeleka mimi.
Amesema watatembea. Anatania tu.