Siku Programu Yangu Ilipomwuliza Bi Mwanatumu Kama Ana Haya

Jamani, uso wangu nimeuacha Msambweni. Atakayeuokota anifungie mahali pakavu.

Nasimulia mwenyewe kabla hamjasimuliwa, maana najua mlivyo. Mnajua nilikuwa nikijifunza kuandika programu za kompyuta pale Ukunda, miezi mitatu mizima. (Ndiyo, mimi. Yuleyule aliyekuwa akiwaombeni mmrekebishie saa ya simu.) Na mnajua nimekaa nyumbani miaka mitatu bila kazi, kila mgeni akija ananipa pole kana kwamba nimefiwa. Basi zahanati moja ya mtu binafsi huko Msambweni ikawa inatafuta karani wa kuandikisha akina mama wanaokuja kliniki. Mwenye zahanati ni Bi Mwanatumu, mkunga mstaafu. Nusu ya watu wazima wa mji ule yeye ndiye aliyewaona kwanza, tena bila nguo, kwa hiyo hakuna anayemjibu vibaya.

Nikamwendea kwa madaha. Nikamwambia mimi siji na mikono mitupu, nakuja na programu yangu mwenyewe. Itauliza jina, umri, kijiji na idadi ya watoto, na kila jibu litakaa mahali pake. Akasema niilete Alhamisi aione mbele ya watu, ikimridhisha kazi ni yangu.

Alhamisi ndiyo leo.

Wiki iliyopita nilimpelekea mwalimu wangu aikague. Anaitwa Kevin, kijana wa bara, mpole sana. Aliisoma, kisha akaniuliza kama nina ugomvi na yeyote atakayeisoma baada yangu. Kisa, visanduku vyote ambamo programu huweka majibu ya watu nilikuwa nimevipa majina ya x, xx, xxx na x_mpya_kabisa. (Nilikuwa najua kipi ni kipi. Nilijua hadi saa sita, nilipokwenda kula.) Halafu akaijaribu. Ilipomwuliza umri, akaandika "arubaini" kwa herufi badala ya nambari. Programu ikafa papo hapo, hata kuaga haikuaga.

"Mwanasiti, usimtrust mtu yeyote anayeandika," akaniambia. "Akikosea, mwulize tena, mweleze vizuri amekosea wapi, na umpe mlango wa kutokea."

Hayo ya mlango sikuyasikia sawasawa. Nilikuwa nasoma meseji zenu.

Nikarudi nyumbani Bodo nikaisafisha. Visanduku nikavipa majina ya kiungwana, umri_wa_mama, idadi_ya_watoto, ukivisoma unaelewa. Kisha nikaweka maneno ya kumrekebisha anayekosea. Mara ya kwanza programu ingesema, "Tafadhali andika nambari." Hapo nilikuwa bado na adabu zangu.

Tatizo ni dada yangu Saumu. Nilimwomba anisaidie kuijaribu, akachukua nafasi ile kulipiza maudhi yote niliyomfanyia tangu utotoni. Umri, anaandika "embe". Nikamwongezea onyo la pili: "Nambari, dada. Kama vile 1, 2, 3." Anaandika "sitaki". Nikapandwa na hasira, nikaandika onyo la tatu kwa herufi kubwa. Akalicheka. Nikaandika la nne. Alicheka hadi akalala kwenye mkeka, nami nikajiona mtunzi. Nikasema nitayafuta kesho. (Kesho ile ilipita. Nilikuwa napiga pasi buibui.)

Leo saa mbili asubuhi nimefika pale, buibui limenyooka, shikamoo zangu nimezitoa kwa mpangilio. Nikaunganisha laptopu na projekta ya kuazima. Ukutani tukatundika shuka jeupe la wagonjwa ili kila mtu aone vizuri. Wazo hilo la kila mtu aone vizuri lilikuwa langu. Kwenye mabenchi walikuwako akina mama wasiopungua kumi na watano, wengine na watoto mgongoni.

Nikamwomba Bi Mwanatumu awe wa kwanza kuandikishwa, kumpa heshima yake. Akasema miwani ameisahau nyumbani, basi yeye atajibu tu, na Sista Mwaka aandike na kumsomea. Sista Mwaka ni muuguzi wa pale. Kazi yake ya miaka mingi ni kuita wagonjwa walioko nje, kwa hiyo hajui kusema taratibu, na lolote aonalo limeandikwa hulitamka kama lilivyo.

"Jina lako?" akasoma Sista, mpaka wa barabarani wakasikia.

Bi Mwanatumu akanitazama. Akataka kujua mashine hii imelelewa wapi, inamwuliza mtu jina kabla ya salamu. Akamwambia Sista aisalimie kwanza. Sista, mtiifu, akaandika "Asalaam aleikum" pale pa jina. Programu ikapokea kwa furaha na kujibu, "Karibu, Asalaam Aleikum. Una miaka mingapi?" Watu wakacheka. Nami nikacheka kicheko cha kubandika, nikasema tutaendelea tu.

Umri. Bi Mwanatumu akasema aandikwe mtu mzima. Sista akaandika "mtu mzima". Programu ikamwomba tafadhali nambari. Bi akasema basi sitini na kitu. Sista akaandika "sitini na kitu". Programu ikajibu, na Sista akasoma, "Nambari, dada. Kama vile moja, mbili, tatu."

Bi Mwanatumu hajaitwa dada na mtu wa rika langu tangu nizaliwe. Sista akajiandikia 65 kwa nambari, programu ikakubali, tukavuka. Kijiji nacho kikapita salama. Nikawaza, yale maonyo mawili ya mwisho hayatatokea, kwa kuwa swali hili ni jipya na hesabu ya makosa itaanza upya.

Haikuanza upya. Mimi ndiye niliyetakiwa kuiambia ianze upya, na sikuiambia. Programu ilikuwa imeyaweka makosa yale mawili moyoni.

"Una watoto wangapi?" akasoma Sista.

Na hapo, wenzangu, ndipo nilipotamani ardhi ipasuke inimeze. Mimi mzaliwa wa Bodo. Mama yangu mpaka leo ukimwuliza ana watoto wangapi atakujibu "wapo", basi, imekwisha hiyo. Watoto kwetu hawahesabiwi kama kuku. Kevin wa bara hakuwa na namna ya kulijua hilo. Mimi nililijua kabla sijaota meno, na bado nikakaa nikaandika programu isiyokubali jibu lolote ila nambari.

"Andika wa Mungu," akasema Bi Mwanatumu.

Nikamwambia Sista asibonyeze kwanza. Alikuwa ameshabonyeza. Shuka lote likajaa herufi kubwa, na Sista Mwaka, kwa sauti ileile ya kuita wagonjwa, akasoma:

"Huna haya? Umesoma wapi wewe?"

Bi Mwanatumu akauliza polepole ni nani anayeambiwa hana haya. Nikasema hakuna, Bi, ni mashine inajiuliza yenyewe. (Nina cheti cha kompyuta. Hilo ndilo jibu lililonijia.) Akasema labda haikusikia vizuri, iandikiwe alhamdulillahi. Nikaruka kumshika Sista mkono. Nikachelewa tena.

"Toka hapo," akasoma Sista, "mpishe mwenye akili."

Nikasema naizima. Lakini ule mlango wa kutokea sikuuweka, kwa hiyo kila nilichobonyeza kilihesabiwa kuwa ni jibu, na kila jibu lilikuwa kosa. Toka hapo mpishe mwenye akili. Toka hapo mpishe mwenye akili. Shuka likajaa kuanzia juu hadi chini. Sista akaendelea kuusoma kila mstari, maana hakuna aliyemwambia aache. Nikachomoa waya ukutani. Feni ikazimika. Maneno yakabaki, sasa tukiyasoma kwa joto. Mwishowe nikasimama mbele ya projekta nikiwa nimetanua buibui, nayo maandishi yakahamia kifuani pangu. Picha ipo. Msiitafute.

Mama mmoja kwenye benchi la nyuma hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua kadi yake ya kliniki. Bi Mwanatumu alimwona kabla yangu. Akaja karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, na ndiyo sauti iliyoniuma kuliko zote za leo.

"Mwanangu, humu kuna waliozika. Unapomtaka mtu hesabu, unataka ahesabu na makaburi?"

Nikafunga laptopu kwa mikono miwili, nikaanza kukunja nyaya, machozi yakinilenga. Miaka mitatu ya kungoja, na nimeimaliza kwa robo saa, tena kwa matusi niliyoyatunga mwenyewe.

Bi akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia nyumbani. Akaniuliza kama kazi naitaka au siitaki. Nikasema naitaka, Bi. Akafungua kabati, akatoa daftari kubwa lenye jalada gumu na kalamu, akaviweka juu ya laptopu yangu. Akasema kwa mwezi mzima niandike humo, niwasikilize watu wanajibu vipi. Mwezi ukiisha nimfundishe huyo mtoto wangu asiye na adabu, ndipo arudi tumsikie.

Kwa hiyo kazi nimeipata. Baada ya miezi mitatu ya kompyuta, nimeajiriwa kutumia kalamu.

Wa kwanza kuitwa akawa yule mama wa benchi la nyuma. Nikamsalimia, nikamwuliza hali, nikaandika jina, nikaandika kijiji. Tukafika pale pa watoto. Kalamu ikanigomea. Nikaona nimwulize namna mama yangu anavyowauliza wageni wake: "Na watoto nyumbani, hawajambo?"

Akainua uso. Akasema hawajambo, na akaanza kunitajia, Mwanakombo, Hamisi, Rama anayekohoa kidogo, na mdogo wao Mishi. Kisha akataja jina la tano, taratibu, akasema huyo ametangulia mbele ya haki. Nikawahesabu mwenyewe, kimyakimya, nikaandika nambari pembeni ambapo yeye hawezi kuiona.

Hilo sasa sijui linaandikwaje kwenye programu. Nanyi mliovumilia mpaka hapa bila kucheka, tafadhali msianze sasa.