Mgeni Anayetutembeza London

Noel Mwadime,
Hayes, Middlesex.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Mapokezi ya Wageni,
Umoja wa Wataita wa Magharibi mwa London.

Dada Mwenyekiti Nancy,

KUH: MALALAMIKO DHIDI YA SHANGAZI YANGU, MWALIMU LYDIA MKAWASI

Natumai goti lako limepata nafuu tangu siku ile ya harambee. Mimi ni mzima, isipokuwa miguu, na ni miguu hasa iliyonifanya nishike kalamu.

Kama ujuavyo, Mwalimu Lydia ni dada wa marehemu baba yangu. Alifundisha shule ya msingi kule Wundanyi miaka thelathini na mmoja, akastaafu, na mwezi uliopita akaja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Mimi nimeishi London miaka kumi na minane. Naomba Kamati izitazame tarakimu hizi kwa makini: mimi miaka kumi na minane, yeye wiki tatu na siku mbili. Pamoja na hayo, katika nyumba yetu anayemtembeza mwenzake si mimi.

Kwa heshima kubwa, naiomba Kamati imwandikie barua rasmi, yenye muhuri, kumjulisha kwamba vivutio vyote vya London vimefungwa kwa ukarabati hadi siku ya ndege yake. Sababu zangu ni hizi:

1. Aliikataa ratiba yangu. Nilikuwa nimemwandalia ratiba nzuri: Jumamosi madukani Uxbridge, Jumapili kanisani, Jumatatu kutazama ndege zikitua Heathrow. Ndege hizo zaonekana vizuri sana kutoka kituo cha basi karibu na kwangu, tena pana benchi. Alizitazama kwa adabu kama dakika kumi, kisha akasema, "Asante mwanangu. Nilikuja na moja ya hizo. Sasa twende tukauone mji."

Akatoa daftari mkobani. Dada Nancy, daftari lile lilikuwa limepigwa mistari kwa rula, na kila mahali pa kuona palikuwa na tarehe, namba ya basi na saa ya kufika. Alikuwa ameliandaa kwa mwaka mzima.

Kesho yake tulikwenda kuona walinzi wa ikulu ya Mfalme wakibadilishana zamu. Yeye alisema shughuli inaanza saa tano. Mimi, kama mwenyeji, nilisema saa sita, na kwa sababu ya heshima akanikubalia. Tulikuta mkia wa farasi wa mwisho ukiishia kwenye kona. Hakunilaumu. Aliandika kitu daftarini, nami nikachungulia. Aliandika: "Noel. Kuchelewa."

2. Alifundisha bila kibali katika jumba la makumbusho. Jina la jumba nalihifadhi, kwa kuwa wenyewe hawana kosa. Tulipofika upande wa vitu vya Afrika, alisimama mbele ya kigoda cha miguu mitatu kilichofungiwa ndani ya kioo na kumulikwa taa kama bibi arusi. Akavaa miwani. Akasoma maelezo yote, kisha akageuka na kumwambia mama mmoja wa Kizungu aliyesimama karibu kwamba maelezo ni mazuri, ila hayakusema mtu anakaaje.

Basi akaonyesha. Alichuchumaa pale pale, akaeleza kwa Kiingereza chake cha darasani nani hukalia kigoda kama kile, nani haruhusiwi, kwa nini mguu mmoja huwa mfupi kidogo, na namna mama yake mzazi alivyokuwa akikivuta kwa kisigino bila kuacha kukoroga ugali. Nilipotazama nyuma palikuwa na watu kama thelathini. Mlinzi alikuja. Nikashukuru Mungu kwamba sasa somo litakwisha. Mlinzi akauliza kama kigoda cha wanaume ni kirefu zaidi.

Mimi muda wote huo nilishika mkoba wake. Watu walipomaliza kupiga makofi, bibi mmoja alinipa mkono na kuniambia nina bahati ya kufanya kazi na mtaalamu kama huyu. Nikamshukuru.

3. Alilia hadharani huko Greenwich, akaniliza na mimi. Pale juu ya kilima pana mstari chini, ule unaogawa dunia mashariki na magharibi. Kufika kwake ni kupanda. Mimi nilipumzika mara tatu, na yeye, mwenye miaka sitini na tisa, mara moja, tena kwa kunisubiri mimi.

Alipouona mstari aliniachia mkoba. Alivua viatu. Aliweka mguu mmoja huku na mwingine kule, akasimama hivyo, nami nikaona mabega yake yanatikisika. Nikamwuliza kama ni mgongo. Akasema, "Miaka thelathini na mmoja nimeuchora huu mstari kwa chaki. Kila mwaka watoto wananiuliza, Mwalimu, wewe umeuona? Nami nawajibu, upo, someni."

Kisha akaniuliza mimi huwa nakuja hapa mara ngapi. Nikamwambia ni mara yangu ya kwanza. Alinitazama vile alivyokuwa akiwatazama watoto waliosahau kalamu siku ya mtihani. Naomba Kamati ifahamu kwamba yale machozi yangu yalitokana na upepo.

4. Alinitia kitanzini penye daraja. Hili ndilo zito, nami nitalisema lote, kwa sababu najua utalisikia kwingine.

Mwaka wangu wa pili hapa nilipigwa picha mbele ya lile daraja la minara miwili, nimevaa koti la kuazima, nikaituma nyumbani. Nyuma yake niliandika, "Hapa ni karibu na kazini." Baba aliitia fremu. Ilitundikwa sebuleni Wundanyi, na kila mgeni aliyeingia alionyeshwa daraja la ofisini kwa Noel. Baba alipofariki, miaka minne iliyopita, picha ilikuwa bado ukutani.

Sasa tulipofika darajani, shangazi alizunguka mpaka akapata mahali hasa niliposimama. Akaridhika. Kisha akauliza, "Na ofisi iko wapi?"

Dada Nancy, ungefanyaje? Nilinyosha kidole kwenye jengo la vioo lililokuwa karibu. Nilidhani atalitazama, aseme ni zuri, twende tukanywe chai. Badala yake alikaza kitenge, akauingia mlango ule unaozunguka, akamwambia kijana wa mapokezi kwamba yeye ni shangazi yake Noel Mwadime na angependa kumsalimia mkubwa wake wa kazi.

Kijana alikuwa na adabu nyingi mno. Alitafuta kwenye kompyuta. Akaomba tumtajie jina herufi kwa herufi. Hakuliona. Shangazi akamwambia atafute vizuri, akatafuta tena. Ilipofika mara ya tatu nilishindwa. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Shangazi, twende. Mimi sifanyi kazi hapa. Sijawahi. Mimi napakia masanduku kwenye ghala, Hayes."

Alimshukuru kijana, akatoka. Tulikaa kwenye benchi kando ya mto. Akauliza, "Baba yako alijua?"

Nikasema hapana.

"Na hayo masanduku yana nini ndani?"

Nikamwambia vitu vya hospitali. Bandeji, glavu, sindano, dawa za maji.

"Zinakwenda kwa wagonjwa?"

Nikasema ndiyo, hospitali nyingi za upande wetu.

"Sasa kwa nini hukuandika hivyo?"

Naomba Kamati iweke kanuni kwamba swali la namna hii lisiulizwe mtu aliyetembea tangu asubuhi. Nilimwonyesha boti iliyokuwa inapita. Leo ni siku ya tisa na bado nalifikiria swali hilo.

5. Alitaka kuliona ghala. Aliamka kesho yake, akavaa gauni lake la kanisani, akasema ratiba imebadilika. Nilimweleza kwamba ghala si kivutio. Akasema kivutio ni kile anachotaka kukiona yeye mgeni.

Nilimpigia simu meneja wetu, Bwana Harjit, nikitumaini atakataa. Bwana Harjit alizaliwa Nakuru, akaletwa huku akiwa na miaka tisa, na Kiswahili chake kimebaki pale pale alipokuwa darasa la tatu. Aliposikia kuna mwalimu kutoka Kenya, alimpokea mlangoni akiwa amechomekea shati, akasema, "Shikamoo, Mwalimu," kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia akiitumia kwa mtu yeyote.

Shangazi alivishwa fulana ya kung'aa ya wafanyakazi wa ghala. Alizunguka kote. Aliuliza sanduku lipi linatangulia kutoka na kwa nini, na nani anajua likikosewa. Bwana Harjit akasema, anayejua ni Noel, kwa sababu Noel hakosei. Sikujua kama anajua hilo. Shangazi alisimama nyuma ya lori akisoma majina ya hospitali moja baada ya nyingine kwa sauti, kama anayeita mahudhurio.

Kisha akanipiga picha nimesimama kando ya foklifti, lile gari la kuinulia masanduku, jasho likinitoka, akaituma kwenye kundi la ukoo lenye watu mia moja na arobaini. Chini yake aliandika, "Noel kazini. Dawa za wagonjwa wa London anazipanga yeye."

Nilizima simu. Nilipoiwasha jioni nilikuwa tayari kwa matusi. Hakuna aliyecheka. Binamu yangu Victor aliomba nisogee pembeni kidogo siku nyingine ili aione foklifti yote. Mama mdogo, anayeitunza nyumba ya baba, aliandika, "Kumbe." Halafu akaandika, "Mungu akubariki kwa hao wagonjwa." Ndilo lalamiko langu, Dada Nancy: kwa miaka kumi na sita nimelibeba lile daraja peke yangu, na watu hawakulihitaji!

6. Sasa anatutembeza sote. Siku ile ya ghala, wakati wa chai, aligundua kwamba Bwana Harjit, miaka arobaini na mmoja hapa Hayes, hajawahi kufika Greenwich. Akagundua kwamba Minal wa idara ya kufungasha, anayekaa Queensbury, mara ya mwisho kuingia makumbusho alikuwa amevaa sare za shule. Akauliza mmoja mmoja. Dereva mmoja alikiri kwamba hupita nje ya mnara wa kale ulio kando ya lile daraja kila wiki na siku zote alidhani ni gereza. Shangazi akamwambia amepata nusu, maana zamani ulikuwa kweli gereza.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watu kumi na mmoja stesheni saa mbili asubuhi, na viazi vitamu na mayai ya kuchemsha. Aliita majina. Bwana Harjit, mtu anayenitilia saini likizo, aliinua mkono na kuitika, "Nipo, Mwalimu." Tulipofika mjini wakajiunga watu wanne tusiowajua, wakidhani ni ziara rasmi, na wakala mayai yetu. Mwanamke asiyekuwa na mwezi katika nchi hii alitangulia mbele na mwavuli, nasi wenyeji, ambao tukijumlisha tuna miaka zaidi ya mia mbili ya kukaa hapa, tulimfuata wawili wawili kama darasa la kwanza.

Jumamosi hii wamejiandikisha ishirini na watatu.

Kwa hayo yote, naomba Kamati iamue kwa haraka kwamba: kwanza, mgeni aonyeshwe mji na mwenyeji, si vinginevyo, pili, mtu asiruhusiwe kuujua mji huu kabla hajakaa miaka kumi, tatu, wenyeji wasioujua wapewe muda wa kutosha, kwa siri, wa kujifunza. Ikiwa hili la tatu litahitaji mwalimu, sina wa kupendekeza.

Nisalimie wanakamati wote, mzee wa nyumbani, watoto, na yule jirani yako wa Stanmore anayetuletea achari za maembe kwenye mikutano. Waambie wenzangu wa kwaya kwamba sijapotea. Niko matembezini.

Mimi wako katika Umoja, na katika maumivu ya nyayo,

Noel Mwadime

Baada ya kutia saini: Nilikuwa naifunga bahasha hii niliposikia shangazi chumbani anapanga nguo zake, maana ndege yake ilikuwa Alhamisi ya wiki ijayo. Nilikwenda kumsaidia, na sijui ilikuwaje, nikajikuta nazitoa nguo sandukuni badala ya kuziingiza. Tumebadilisha tiketi. Anabaki hadi mwisho wa Agosti, na Bwana Harjit amenipa likizo ya wiki mbili kabla sijamaliza kuiomba. Kwa hiyo tafadhali Kamati isimwandikie lolote, na kama muhuri umeshagongwa, barua ichanwe. Leo asubuhi nimemwandikia mama mdogo, kwa mkono wangu, kumweleza kazi yangu ni ipi na inaanza saa ngapi, na nimemwomba aitundike barua yote, mpaka mwisho, kwenye ukuta wa sebuleni, kando ya ile picha ya daraja. Kuhusu Jumamosi: nafasi yako imewekwa, ya ishirini na nne. Saa mbili kamili, Dada Nancy. Anaandika wanaochelewa.