Dawa ya Nano Imeonjwa Bwera

Kosmasi alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno mjini Kasese, mdomo wazi, ndipo riziki ikamwingia kwa sikio.

"Mzizi wa jino umeoza," daktari alimwambia. "Nitausafisha, halafu niweke dawa ya nano. Ni chembe za fedha, ndogo kuliko vumbi. Zinaingia vijishimo ambavyo dawa ya kawaida haivifikii, zinaua bakteria humo humo."

Kisha akataja bei. Kosmasi, mtu aliyewahi kuuza ng'ombe mmoja kwa mabwana harusi watatu, akashuka kitini. Jino aliondoka nalo bovu vile vile. Neno "nano" aliondoka nalo bure.

Ijumaa, siku ya soko Bwera, akavaa koti jeupe na kubeba sanduku la chupa. Ndani: saruji aliyoichekecha kwa soksi, na mafuta ya karafuu. Akina mama wauza chumvi aliwapita, maana wale wanauliza maswali. Akaenda kwa bwana Tsongo, mkubwa wa kununua dawa za kituo cha afya. Kituo hakikuwa na hata panadol. Mkubwa alikuwa na magari mawili.

"Mukubwa, hii ndiyo nano. Bei ya risiti utaandika mwenyewe, mimi nipe tu ya kulitibu jino langu Kasese."

"Inaua wadudu?"

"Wote, pamoja na wajukuu zao."

Tsongo alitabasamu. "Sawa. Lakini huku kwetu, anayeleta kikombe anaonja kwanza, hata kama ni mama mkwe na bushera yake ya mtama. Na wewe jino bovu iko nayo. Tangulia."

Kukataa ni kukiri sumu. Kosmasi akajaza shimo la jino. Karafuu ikaleta ganzi, akacheka meno yote nje. Tsongo akamwuliza jina, akaandika kitu kwenye faili.

"Wacha sanduku. Malipo Jumatatu."

Malipo ya wakubwa, ndugu zangu, ni kama ufufuo: tunaamini, ila aliyefufuka hatujakutana naye sokoni.

Jumatatu ofisi ilikuwa na kufuli. Mkubwa yuko semina. Saruji nayo ilikuwa imekutana na mate, ikafanya kazi kwa uaminifu ambao mwenye nayo hakuwahi kuwa nao. Shavu limevimba kama papai, Kosmasi akakimbilia kituo cha afya.

"Pole, kaka," alisema nesi Docus. "Dawa iko moja tu. Mukubwa ametuuzia juzi." Akatoa chupa.

Kosmasi akaitambua kama baba anavyomtambua mwanawe mwizi.

"Sista, onja wewe kwanza!"

"Imeshaonjwa." Docus akasoma faili. "'Imejaribiwa kwa mutu mumoja, Kosmasi wa Kasese. Alicheka.' Muhuri huu hapa."

Kwenye benchi, afande wa polisi alikuwa ameshika taya lake, anasubiri zamu. Aliposikia jina Kosmasi, mtu anayetafutwa kwa ng'ombe wa mabwana harusi watatu, akainua kichwa.

"Afande, tulia, huyu anatangulia," Docus akasema, akachukua kalamu. "Na wewe, kaka, unaitwa nani?"

Kosmasi akamtazama afande. Akaitazama chupa.

"Tsongo," akasema, akafungua mdomo.