Kilo Sita za Trela

Jumatatu, 4 Agosti

Siku mbaya. Mama Asekenye wa Angurai amepita kwenye stoo yangu hapa Malaba kuulizia bei ya mahindi. Badala ya kuuliza bei, akamtazama mbwa. Ni yeye aliyenipa Trela mwezi wa tano, kitoto cha mwisho cha mbwa wake. Nilimwita Trela kwa sababu hunifuata nyuma popote niendapo. Mama akampapasa mbavu, kisha akauliza kama huku Malaba mbwa hulishwa vumbi la malori.

Nilimweleza kwamba ni wembamba wa ukoo. Alimtia Trela ndani ya gunia tupu, akamtundika kwenye mizani yangu, ile ile ninayopimia mahindi yake. Kilo tatu! Akasema atarudi Jumamosi tarehe ishirini na tatu, pamoja na mahindi ya kikundi chake cha akina mama. Asipomkuta Trela na kilo sita, anamchukua na kumpa Ochom.

Ochom! Dalali mwenzangu. Stoo yake inatazamana na yangu. Amemtamani Trela tangu alipomwona akikamata panya. Mbwa wake mwenyewe ni mnene hadi panya humruka wakipita.

Nampenda Trela. Basi, nimeandika. Nerima asiuone ukurasa huu, maana jana tu nilimwambia mke wangu huyo kwamba mbwa ni chombo cha kazi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata mpango! Jirani yangu Akiteng hutengeneza ajono. Wazee wakishakaa kuzunguka chungu na mirija yao mirefu na kunyonya pombe yote, machicha yanayobaki hupewa nguruwe. Nguruwe wa Akiteng hawapiti mlangoni kwa unene. Nikaomba ndoo moja. Bure!

Trela amekula yote na kulamba ndoo. Nashangaa kwa nini hakuna mwingine aliyefikiria jambo hili.

Jumatano, 6 Agosti

Trela amelewa. Kutwa nzima anatembea upande upande. Amelibwekea tairi. Amelala juu ya kiatu cha mteja, na mteja akaogopa kuondoka. Panya wamepita mbele yake wakiwa familia nzima.

Ochom alisimama mlangoni kwake, akauliza kwa upole kama mbwa wangu siku hizi anakaa na wazee chunguni. Kuna watu hawafai kujibiwa. Nerima naye akasema mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo. Nikamwambia yule ni daktari wa ng'ombe, na ndama mwenyewe ni mkubwa kuliko Trela.

Jumamosi, 9 Agosti

Mpango wa pili. Malori yamepanga foleni ndefu yakingoja kuvuka kwenda Uganda, na madereva wanakula kando ya barabara. Nilitaka kumfundisha Trela kukaa mbele yao na kutoa macho ya huruma. Hakuelewa. Nikaketi kando yake nikamwonyesha.

Dereva mmoja akanipa mimi chapati. Mwingine akaniuliza kama nimekula tangu jana. Trela aliambulia mfupa wa kuku, akautapika kwenye stoo. Hadi jioni aliyeongezeka uzito ni mimi.

Jumatatu, 11 Agosti

Nerima hakuningoja. Alimpakata Trela akapanda boda hadi Amagoro kwa Daktari Oundo. Nikapanda nyingine nikawafuata, kulinda heshima.

Minyoo! Daktari akatoa dawa. Akaagiza ugali kidogo na omena zilizochemshwa mara tatu kwa siku, na yai mara moja moja. Mifupa ya kuku hapana. Pombe hapana. Aliposema pombe alinitazama mimi, kwa hiyo Nerima ameshasema.

Kisha akampima. Kilo tano. Nikacheka. Nikamwambia mizani yake imeharibika, maana yangu inasema tatu. Akauliza yangu ni ya namna gani. Nikaanza kueleza, katikati nikakumbuka.

Skrubu! Nilikuwa nimesahau kabisa. Niliikaza mwaka juzi ili kila gunia lipungue kilo mbili, gharama za kawaida za biashara. Mizani ikiwa haina mzigo, mshale hujificha nyuma ya kibandiko nilichobandika kwenye kioo, kile cha kanisani kilichoandikwa Mungu Anaona. Sasa mizani yangu inamwibia mbwa wangu mwenyewe.

Jumatano, 20 Agosti

Trela anang'aa! Anakula kwa saa zake, analala, anakamata panya, anarudi kula. Nerima ndiye anayechemsha omena, lakini mimi ndiye ninayesimamia. Leo kwa Daktari Oundo, kilo sita kamili. Akasema hapo ndipo panapofaa, tusimzidishe. Mbavu zisionekane, ila ukipapasa uzihisi.

Nilirudi nikiimba. Nikamtundika kwenye mizani yangu. Nne.

Nimempigia simu Mama Asekenye, nikapendekeza kwa heshima zote tumpimie kwa daktari. Akasema, "Hiyo ya daktari mimi siijui. Si uliapa mbele ya watu wa Angurai eti yako haidanganyi? Tutatumia hiyo yako tu."

Nikikubali kwamba inadanganya, sitauziwa hata punje Angurai nzima. Nikinyamaza, Trela anavuka barabara kwenda kwa Ochom. Sijala jioni. Trela amekula.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimetulia. Jibu lilikuwa kwenye skrubu yenyewe. Nimeilegeza taratibu ili mshale urudi mahali pake. Katikati ya kazi Ochom akaingia kuazima kamba, mkono ukanishtuka, skrubu ikazunguka zaidi. Haidhuru. Zaidi ni afadhali kuliko pungufu. Mungu Anaona kimefunika kila kitu.

Jumamosi, 23 Agosti

Mama Asekenye alifika asubuhi na pikapu iliyojaa magunia hadi juu, yake na ya kikundi kizima. Nikamtoa Trela mbele, nimemchana manyoya. Mama akasema mbwa hana haraka, tuanze na mahindi.

Tuanze na mahindi!

Nilisema mizani haipendi baridi ya asubuhi. Nilisema mbwa ana njaa, apimwe kwanza. Mama akasema mbwa wa kilo sita hawezi kufa kwa njaa ya saa moja. Ochom alikuwa ameegemea mlango akinywa chai. Nani angegusa skrubu mbele ya Ochom?

Tukapima. Kila gunia lilipata kilo mbili ambazo halikuja nazo. Akina mama walisoma mshale kwa sauti na kupongezana. Nilinunua mahindi ambayo hayajawahi kuota popote, huku nikitabasamu hadi mashavu yakauma.

Mwishoni, Trela. Kilo nane! Mama Asekenye hata hakuutazama mshale. Alimtoa kwenye gunia, akampapasa mbavu kwa vidole viwili, akasema, "Huyu ako sawa. Akae na wewe." Kisha akaniambia polepole, "Lakini boss, mizani yako leo iko na roho safi. Usiiguse tena."

Ochom akamalizia chai yake akarudi kwake. Nilimkumbatia Trela mbele ya watu wote na machozi yakanitoka. Mengine yalikuwa ya mahindi, lakini mengi yalikuwa yake.

Jumapili, 24 Agosti

Siku tulivu. Nerima amepika kuku, na Trela hakupewa mfupa. Nimetafakari sana mambo ya jana, na nimeona kosa langu. Niliilegeza skrubu mapema mno. Nilipaswa kungoja mahindi yaishe kupimwa na Ochom aende kuongeza chai.

Basi nimeirudisha mahali pake pa zamani, pamoja na nusu mzunguko zaidi wa kufidia hasara. Kazi safi, mkono haukutetemeka.

Kabla ya kufunga stoo nimempima Trela, kwa mapenzi tu. Kilo tatu na nusu! Nimeshtuka hadi nikakaa chini. Huyu daktari na omena zake! Kesho alfajiri naenda kwa Akiteng na ndoo.